Hofu ya miaka sita: Maisha ya Clifford Beers, na kwa nini unafaa kuulizwa mapema

Hebu nikuulize kitu kabla hatujaanza. Mara ya mwisho mtu kukuuliza kama unalala vizuri usiku ilikuwa lini? Sisemi zile salamu zetu za mtaani. Hizo tunazijua. Unaulizwa uko aje, unajibu uko poa, hata kama umekesha ukihesabu mabati ya paa. Naongea kuhusu mtu aliyeketi chini, akakutazama, akakuuliza, kisha akangoja jibu.

Kama humkumbuki mtu wa aina hiyo, basi stori ya leo ni yako. Ni stori ya jamaa Mmarekani aliyeitwa Clifford Whittingham Beers, aliyefariki mwaka wa 1943. Watu wa fani ya afya ya akili wanamjua vizuri, lakini huku kwetu jina lake halisikiki sana. Hata hivyo, ukiona leo mhudumu wa kliniki anampa kijana karatasi ya maswali kuhusu usingizi wake, hamu yake ya chakula na mawazo yake, jua kwamba Beers ana mkono wake pale. Na yeye mwenyewe, alipokuwa na umri wako, hakupata karatasi kama hiyo.

Kijana aliyeonekana sawa

Beers alizaliwa Machi 30, 1876, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alikuwa mmoja wa watoto watano. Alisoma shule za umma za mji huo, halafu akajiunga na tawi la sayansi la Chuo Kikuu cha Yale, ambacho kiko papo hapo New Haven. Kwa hivyo hakwenda mbali na nyumbani, na hakukosa watu wa kumjua.

Mwaka wa 1894, akiwa na miaka 18, kaka yake mkubwa alipatwa na ugonjwa wa ghafla ambao ulidhaniwa kuwa kifafa. Kaka huyo aliugua kwa miaka sita, na Clifford alikuwa akiyaona yote. Hapo ndipo wazo moja likaingia kichwani mwake na kukataa kutoka: kwamba ugonjwa wa kaka yake utamfuata yeye pia.

Sasa sikiliza vizuri. Clifford hakuwa na kifafa, na hakuugua kifafa maishani mwake. Kaka mwenyewe alipokufa, madaktari walisema chanzo cha shida yake kilikuwa uvimbe chini ya ubongo. Yaani kijana huyu alibeba hofu ya ugonjwa ambao haukuwa unakuja. Lakini hofu haingoji ukweli ujulikane ndipo ianze kazi. Darasani, mwalimu akianza kuwaita wanafunzi mmoja mmoja wajibu maswali, Clifford alikuwa anajawa na woga kwamba ataanguka mbele ya wenzake. Kitu ambacho wewe na mimi tungekiita kuogopa kusimama mbele ya watu, kwake kilikuwa mlango wa maafa.

Na kwa nje je? Kwa nje alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu. Alikuwa na marafiki. Alisimamia hata masuala ya biashara ya jarida la vichekesho la wanafunzi wa Yale. Hebu fikiria: mtu anayehakikisha jarida la kuchekesha linauzwa, ndiye huyo huyo anayelala akiwa na hofu ya kuanguka. Alimaliza masomo mwaka wa 1897, akaajiriwa kama karani katika ofisi ya kukusanya ushuru mjini kwao, kisha akaenda New York kufanya kazi katika biashara ya bima. Cheti alipata. Kazi alipata. Hofu nayo ilihama naye hadi New York.

Miaka sita, rafiki yangu. Kutoka akiwa na miaka 18 hadi 24. Sisemi kwamba watu waliomzunguka walikuwa wabaya au hawakumpenda. Walimpenda. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza. Ukivunjika mkono, kulikuwa na daktari. Ukiwa na homa, kulikuwa na daktari. Ukiwa na hofu inayokula usingizi wako, ulijikaza hadi siku utakapozidiwa, na ukizidiwa ndipo ulipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kati ya hapo na hapo hapakuwa na kituo.

Nakwambia hivi kwa sababu nami nimepita njia inayofanana kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla ya kuacha, nilikuwa nimekosa madarasa wiki nne hivi. Nililala mchana, nikakesha usiku, chakula kikawa hakina ladha. Daftari la mahudhurio lilijua sipo. Ofisi ya karo ilijua sipo, na iliniandikia. Wenzangu walidhani nimepata kibarua mahali. Baadaye nilienda kwenye zahanati kwa sababu ya tumbo lililokuwa linaniuma, na mhudumu pale, baada ya kunipima, akaniuliza maswali tisa ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na tumbo. Nitarudi kwa hayo maswali. Kwanza tumalize ya Clifford.

Siku 798

Mnamo Juni 1900 Clifford alirudi nyumbani New Haven akiwa amechoka mwili na akili. Juni 23 alijaribu kujitoa uhai. Aliponea, ingawa aliumia. Siku chache baadaye, Julai 4, kaka yake akafariki.

Alipelekwa hospitali ya kawaida mjini humo. Dirisha la chumba chake lilikuwa na vyuma, na akili yake iliyokuwa imeyumba ikaamua kwamba hapo ni jela. Aliamini amekamatwa kwa kosa la kujaribu kujiua, na kwamba polisi wanangoja tu apone wampeleke kortini. Kutoka hapo mambo yakazidi. Akaanza kuamini kwamba watu wanaokuja kumtembelea si ndugu zake, bali ni makachero waliojibadilisha sura ili wapate ushahidi dhidi yake. Chakula alikishuku. Barua alizishuku. Hata mapenzi ya jamaa zake aliyaona kuwa mtego. Akaamua kunyamaza, maana aliamini kila neno atakalosema litageuzwa kuwa ushahidi.

Usicheke hiyo habari ya kuogopa polisi. Hapa Kenya, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema mtu akijaribu kujitoa uhai ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo kile ambacho kwa Clifford kilikuwa hofu ya mtu mgonjwa, kwetu kilikuwa sheria iliyoandikwa. Watu wangapi walinyamaza kwa sababu hiyo? Mtu akijua kusema ukweli kunaweza kumpeleka seli, atakuambia tu yuko poa.

Ndugu zake walimtafutia matibabu. Kati ya mwaka wa 1900 na 1903 alipitia hospitali tatu za wagonjwa wa akili katika jimbo hilo la Connecticut. Ya kwanza ilikuwa ya kibinafsi, mjini Stamford. Ya pili ilikuwa Hartford, nayo haikuwa ya kutafuta faida. Ya tatu ilikuwa ya serikali ya jimbo, mjini Middletown. Kwa hivyo aliona ngazi zote, ya mwenye pesa na ya asiye nazo.

Ni Hartford ambako mambo yaligeuka, na yaligeuka kwa njia ambayo mimi huifikiria sana. Mgonjwa mwenzake alimsikiliza. Hakumcheka kwa sababu ya zile fikra za makachero. Wawili hao walitafuta mpango wa kuthibitisha kama huyo anayejiita kaka yake, George, ni George kweli. Walipata anwani ya nyumbani katika kitabu cha anwani za mji, na Clifford akaandika barua na kuituma huko moja kwa moja. Katika barua alimwambia kaka yake aje kumwona, na aje na barua hiyo hiyo mkononi. Kama ni kachero, hatakuwa na barua. Kama ni George, atakuwa nayo.

Agosti 30, 1902, George alifika. Akatoa barua mfukoni. Na papo hapo ule ukuta ukaanguka. Tangu siku ile ya Juni 1900 zilikuwa zimepita siku 798.

Siku 798 ni zaidi ya miaka miwili. Na kilichoanza kumfungua ni mtu aliyeketi naye, akayachukua maneno yake kwa uzito, na akamsaidia kupima ukweli hatua kwa hatua.

Aliyoyaona ndani

Usidhani alipona siku hiyo na kwenda nyumbani. La. Akili yake iliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kutoka kwenye huzuni na ukimya, sasa akawa na nguvu zisizo na breki. Aliongea bila kukoma, akaandika barua ndefu ajabu, akawa na mipango mikubwa ya kubadilisha dunia. Leo madaktari wanaijua hali ya namna hiyo, ya kupanda na kushuka kupita kiasi. Enzi hizo jibu la wahudumu wengi lilikuwa nguvu.

Beers alivalishwa koti lenye mikono mirefu inayofungwa nyuma ili mtu asiweze kujisogeza. Alifungiwa katika vyumba vya baridi. Alipigwa na kukabwa na wahudumu. Akiwa Middletown alifanya kitu ambacho wengi wangekiita wazimu zaidi: alifanya makusudi ili ahamishiwe wadi ya wagonjwa wakali, aone kwa macho yake mambo yanayotendeka huko. Aliyoyaona yalikuwa mabaya. Watu waliokuwa hawawezi kujieleza walikuwa wakipigwa kwa sababu hawawezi kujieleza. Akaweka yote akilini. Mwaka wa 1903 alimwandikia Gavana wa Connecticut barua kuhusu mateso hayo, na barua hiyo ikapitishwa nje bila idhini ya wakubwa wa hospitali.

Septemba 1903 alitoka. Alirudi kwenye kazi ya biashara, akafanya vizuri. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 1905 alihisi ile kasi inarudi. Nguvu nyingi, usingizi kidogo, maneno mengi. Safari hii hakungoja. Alijipeleka mwenyewe hospitalini Hartford, akakaa muda mfupi, akatulia, akatoka.

Nataka uone tofauti hapo. Mara ya kwanza alikaa na dalili miaka sita, na ikamgharimu miaka mitatu ya maisha yake. Mara ya pili alizijua dalili, akasema mapema, na akatoka baada ya muda mfupi. Mtu ni yule yule. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba alijua anachokitafuta, na alijua pa kwenda.

Kitabu, halafu kazi

Mwaka wa 1908 Beers alichapisha kitabu cha maisha yake, A Mind That Found Itself. Hakuficha jina lake. Hilo peke yake lilikuwa jambo zito, kwa sababu wakati huo mtu aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili hakusema hadharani, na familia yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumficha. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa amesoma mswada na akauunga mkono. Daktari Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi na mmoja wa madaktari wakubwa wa akili Marekani, ndiye aliyempendekezea jina la kuita kazi hiyo: usafi wa akili. Jina hilo lilikuwa na maana kubwa. Usafi ni kitu unachofanya kabla ya ugonjwa. Unanawa mikono kabla ya kula, hungoji kipindupindu.

Mwaka huo huo wa 1908 Beers alianzisha chama cha usafi wa akili katika jimbo lake la Connecticut. Februari 1909 akaanzisha kamati ya kitaifa jijini New York. Kumbuka huyu hakuwa daktari. Hakuwa na shahada yoyote ya udaktari. Alikuwa mtu wa biashara, mzuri wa kuongea na kuomba pesa, ambaye alikuwa amelala katika vitanda vile na alijua kinachokosekana.

Mwaka wa 1913, New Haven ikapata kliniki ya afya ya akili ambayo mtu angeweza kwenda asubuhi, akaonana na mtaalamu, kisha akarudi kwake jioni. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo Marekani, na hadi leo kuna kliniki mjini humo inayobeba jina la Beers. Kile kituo cha katikati ambacho hakikuwepo alipokuwa na miaka 18, sasa kikawepo.

Kisha ikaja hatua inayokuhusu wewe moja kwa moja. Kuanzia mwaka wa 1922, kamati aliyoianzisha, kwa ufadhili wa shirika la Commonwealth Fund, ilifungua kliniki za majaribio za watoto na vijana katika miji kadhaa ya Marekani. Ya kwanza ilikuwa St. Louis, zikafuata nyingine katika miji kama Dallas, Los Angeles, Cleveland na Philadelphia. Katika kila kliniki kulikuwa na watu watatu wanaofanya kazi pamoja: daktari wa akili, mwanasaikolojia, na mfanyakazi wa huduma za jamii aliyekwenda hadi nyumbani na shuleni kuona kijana anaishi vipi. Wazo lilikuwa rahisi. Kijana anayetoroka shule, anayepigana, anayejitenga au asiyelala, asipelekwe tu kwa polisi au kuchapwa viboko. Aulizwe kwanza.

Upande ambao haupendezi

Singekuwa nakutendea haki nikikuficha upande wa pili. Wapo wakubwa katika vuguvugu hilo la usafi wa akili waliobeba imani potofu ya zama zao, kwamba watu wenye magonjwa ya akili wazuiwe kuzaa. Zaidi ya majimbo 30 ya Marekani yalipitisha sheria za kuwafunga watu kizazi bila hiari yao. Beers mwenyewe, alipomuoa Clara Jepson mwaka wa 1912, waliamua kutopata watoto kwa kuogopa kwamba ugonjwa wa familia utarithiwa. Ile hofu ya mwaka wa 1894 haikumwacha kabisa hata alipokuwa mtu mashuhuri.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu ndiyo sababu vijana wengi huogopa kupimwa. Unajiuliza: nikijibu hiyo karatasi kwa ukweli, itaenda wapi? Mwalimu mkuu ataisoma? Itanifuata nikitafuta kazi? Mama atalia? Hayo si maswali ya ujinga. Historia inaonyesha kwamba kujua ugonjwa wa mtu kunaweza kutumiwa kumsaidia, na kunaweza kutumiwa kumpa jina baya na kumfungia mlango. Kwa hivyo kabla ya kujibu una haki ya kuuliza nani atakayeona majibu yako, na nini kitafanyika baadaye. Mhudumu mzuri hatakasirika ukiuliza hivyo. Atakueleza, na pia atakueleza ukweli kwamba akiona maisha yako yako hatarini, itambidi amhusishe mtu mwingine ili uwe salama.

Maswali tisa

Sasa nirudi kwenye zahanati. Maswali niliyoulizwa siku ile ni yale yanayojulikana kama PHQ-9. Yalitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yanatumika hapa Kenya. Hayahitaji sindano, damu wala mashine. Yanahusu wiki mbili zilizopita. Umekuwa na hamu ya kufanya mambo, au hamu imekwisha? Umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Usingizi je? Nguvu za mwili? Chakula? Unajiona mtu aliyeshindwa? Unaweza kutuliza akili kwenye jambo moja? Umekuwa mzito sana au huwezi kutulia? Na la mwisho, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ufe, au kujiumiza?

Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 3, kulingana na mara ambazo jambo hilo limekusumbua. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida ukifika 10 au zaidi, unafaa kuonwa kwa undani. Lile swali la mwisho halingoji jumla: ukilikubali hata kidogo, mhudumu anatakiwa kuzungumza nawe siku hiyo hiyo.

Lakini elewa vizuri: alama hizo si hukumu. Karatasi haisemi wewe ni mgonjwa. Inasema tu kwamba hapa kuna kitu cha kuangaliwa, kama vile joto la mwili kuwa juu halisemi una malaria mpaka upimwe. Na kupimwa bila kufuatiliwa ni kazi bure. Ukiambiwa alama zako ziko juu kisha ukaachwa mlangoni, hujasaidiwa. Ndiyo maana zile kliniki za miaka ya 1920 ziliweka watu watatu na si karatasi peke yake.

Marekani leo, jopo la kitaifa linaloshauri kuhusu huduma za kuzuia magonjwa linapendekeza vijana wa miaka 12 hadi 18 waulizwe kuhusu msongo wa mawazo hata kama hawajalalamika chochote. Hata kama hawajalalamika. Hapo ndipo penye siri. Shirika la Afya Duniani nalo linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Ukingoja mtu alalamike, utangoja kama walivyomngoja Clifford.

Huku kwetu, hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910 na serikali ya kikoloni, mwaka mmoja tu baada ya Beers kuanzisha kamati yake New York. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado jina la hospitali hiyo ni tusi mtaani. Mtu akiongea peke yake, tunasema apelekwe huko, halafu tunacheka. Mimi pia nimecheka. Lakini kila ukicheka, kuna msee kwenye hiyo mbogi yako anayesikiliza na kuamua kwamba hatasema yake.

Mwisho wake

Beers alifanya kazi hiyo kwa miaka 30. Mwaka wa 1930 aliona kongamano la kwanza la kimataifa la usafi wa akili likifanyika Washington, likiwa na maelfu ya wajumbe kutoka nchi nyingi. Mwaka wa 1939 alistaafu. Huzuni ilikuwa imerudi. Alijipeleka katika hospitali ya Butler, mji wa Providence, na huko ndiko alikofia Julai 9, 1943, akiwa na miaka 67.

Kuna watu husoma mwisho huo na kusema kwamba basi alishindwa. Mimi sioni hivyo. Mtu mwenye kisukari anaweza kufanya kazi kubwa miaka 30, akaugua tena, akafa hospitalini, na hakuna atakayesema kazi yake ilikuwa bure. Kati ya 1903 na 1939 Beers aliishi, alioa, alifanya kazi, alibishana na madaktari wakubwa, alijenga kitu. Ugonjwa ulimpata akiwa kijana asiyejua la kufanya. Ulimpata tena akiwa mzee, na safari hii alijua mlango.

Mwaka wa 1953, miaka kumi baada ya kifo chake, shirika lililotokana na kamati yake lilikusanya minyororo na pingu zilizokuwa zikitumiwa kuwafunga wagonjwa katika hospitali za akili. Vyuma hivyo viliyeyushwa katika kiwanda mjini Baltimore na kutengenezwa kengele moja yenye uzito wa zaidi ya kilo 130. Shirika hilo, ambalo leo linaitwa Mental Health America, huwawezesha watu kujibu maswali kama yale tisa kupitia intaneti, bila malipo.

Sasa wewe. Sikuambii ukimbie hospitali kwa sababu ulikuwa na siku mbaya jana. Siku mbaya sote tunazo. Lakini ikiwa ni wiki mbili sasa na usingizi umekataa, chakula kimekataa, ulichokipenda hukipendi tena, usikae nacho miaka sita. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, hata ukienda kwa sababu ya tumbo, umwambie mhudumu pia habari ya usingizi. Kama ni leo, na mawazo ya kujiumiza yako nawe sasa hivi, usibaki peke yako: kaa na mtu unayemwamini na upige simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Uko chini ya miaka 18? Piga 116, laini ya watoto. Zote ni bure.

Na kama wewe uko sawa kweli, kuna mwenzako amepotea kwenye grupu ya WhatsApp tangu wiki iliyopita. Mtafute. Usimuulize uko aje. Muulize analala vipi, halafu ngoja jibu.